Raba Zilizobaki Misigiri

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alifariki na mvua ikakataa, vyote katika msimu mmoja. Nilikuwa darasa la nne. Nikaacha shule, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu huku kwetu Mwankoko, Singida. Shida zangu zilianza hapo, na mbio zangu pia, maana ng'ombe mwenye njaa hatembei, anakimbilia shamba la mtu, na mchungaji asiye na mbio ndiye anayechapwa. Nawaandikia ninyi vijana mnaokimbia siku hizi na saa za mkononi zinazowapimia mpaka usingizi. Kuna jambo moja nimelifanya maisha yangu yote na mpaka leo sijalielewa. Sitaki kuwadanganya kwamba nimelielewa.

Nilipokuwa kijana, watu wa kiwanda kimoja cha mjini waliniona nikikimbiza ng'ombe, wakaniajiri. Siku ya kwanza kazini nilivaa shati la kuazima. Kilikuwa kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, na zamani zile viwanda vilikuwa na timu za michezo. Kwenye karatasi niliandikwa tarishi, yaani mpeleka barua. Meneja Utumishi alinitazama miguu, uso hakuuona.

"Kusoma unajua?"

"Kidogo, mzee."

"Kidogo inatosha. Bahasha zina majina makubwa. Ila hatukukuchukua kwa ajili ya bahasha. Asubuhi na jioni wewe ni mali ya Mkufunzi."

Mkufunzi alikuwa mtu mkavu, mwenye saa ya kubonyeza iliyoning'inia shingoni kama kengele ya beberu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Kabla yake nilijua kukimbia tu, sikujua kufanya mazoezi, na hivyo ni vitu viwili. Alinifundisha kupasha, yaani kuuchemsha mwili taratibu kabla hujaudai kitu. Alinifundisha longi, zile mbio ndefu za Jumapili ambazo hutafuti kasi, unatafuta uvumilivu. Akanifundisha fatileki, neno la Wazungu, lakini kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: toka nguzo hii ya simu mpaka ile unatoka mkuku, toka ile mpaka inayofuata unajikokota, na hivyo hivyo mpaka uombe mama.

"Mkimbiaji hana ndugu," alituambia. "Ana mapafu na miguu. Harusi si yako, msiba si wako, ngoma si yako. Siku utakapoacha mbio utawakuta wote palepale."

Nilimwamini. Mtu asiyesoma akipata wa kumwamini, anamwamini kabisa. Akanipeleka kambi ya Mkiwa, pale njia panda, tukakimbia kwenye barabara iliyonyooka huku upepo unatupiga kifuani. Magari yalisimama, abiria wananunua kuku na mahindi, wanacheka, sisi tunapita. Nilijiona mtu mkubwa kwa kuwa sikuwa nikicheka.

Kutoka Mkiwa nilihamishiwa Misigiri kwa mazoezi ya mlima. Pale kuna mteremko wa Sekenke, na kuupanda ule mlima kwa kukimbia ni kama kumbeba mtu mgongoni. Mkuu wa kambi hiyo tulimwita Mwalimu wa Mlima, mama mmoja mnene kidogo aliyekuwa amekimbia ujanani. Siku ya kwanza tu alinivuruga.

"Jumamosi hakuna mbio," alisema. "Nendeni mkaonekane na watu."

"Mwalimu, Mkufunzi amesema..."

"Mkufunzi yuko Singida. Hapa wewe ni mgeni, na mgeni asiyeonekana anaitwa mwizi. Chukua jembe."

Ndipo nilipokutana na Elia. Elia alikuwa Mnyiramba wa palepale Misigiri, mimi ni Mnyaturu, na makabila yetu ni watani, kwa hiyo alianza kunitukana kabla hajanisalimia. Alisema nakimbia kama mtu aliyeiba jogoo. Jumamosi alilima na watu, jioni akanywa pombe ya mtama, akacheza ngoma mpaka vumbi likafika kiunoni. Jumapili akaja kwenye longi na macho mekundu, na tukafika juu pamoja. Pamoja, nasema. Safari nyingine mimi mbele, safari nyingine yeye. Sikuona sababu.

Mara moja alishinda baiskeli kwenye mashindano ya wilaya. Wiki haikuisha, akampa mjane jirani yao.

"Umepigwa na jua?" nilimwuliza.

"Mimi nina miguu," alisema. "Yeye ana madumu ya maji. Sasa hapo nani anahitaji baiskeli, wewe Mnyaturu?"

Nyumbani Mwankoko mambo yalikuwa mengine. Kwetu mtu akifa, wanaume wanachimba kaburi na wanalala msibani. Hakuna anayelipwa. Unachimba la mwenzako, na wao watachimba la kwenu. Ardhi ya Singida mnaijua, ukiondoa udongo kidogo unakuta mwamba, kwa hiyo kaburi moja linataka watu wengi wa kupokezana sururu. Mimi miaka yote hiyo sikuchimba. Nilituma mchango, nilituma unga, nilituma kuku. Mwenyewe nilikuwa kambini, au nilikuwa naokoa miguu. Sisemi nilikosea. Nilikuwa kazini, na kazi hiyo ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama kwa bati.

Mama hakuona hivyo. Siku moja alinitazama ninavyofunga kamba za raba, akasema, "Musa mwanangu, siku yangu nitachimbiwa na hiyo saa ya kubonyeza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alifariki siku ya Alhamisi. Jumapili yake palikuwa na mbio za mchujo mjini Dodoma, za kuchagua timu ya taifa, na Mkufunzi alikuwa ameniambia ni mwaka wangu, mwingine hautakuja. Nilifika nyumbani Ijumaa asubuhi na mfuko wangu wa safari, raba mpya ndani. Wanawake walikuwa wanalia kama inavyopasa. Wanaume walikuja, tena wengi. Wakakaa kwenye magogo. Makoleo na sururu vilikuwa vimelala chini, na hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilimwendea balozi wetu, mzee aliyesimamia nyumba zile kumi.

"Shikamoo, mzee. Muda unakwenda."

"Marahaba. Tunauona unavyokwenda."

"Hawachimbi?"

"Makoleo yapo, Musa," alisema. "Tunachosubiri ni kuiona mikono yako. Wengine hapa hatuijui."

Wajomba zangu wawili wakaanza peke yao, watu wazima wenye vikohozi. Mimi nikasimama. Nilijua kabisa kwamba nikishika sururu ile siku nzima, mgongo na mapaja vitakufa, na Jumapili imekwenda. Na nilijua kwamba nisiposhika, kesho mama yangu atakosa kaburi na jina lake litasemwa. Niliviona vyote viwili na sikujua mguu gani utangulie. Mtu anayeishi kwa miguu, na sikujua.

Hapo akatokea Elia. Alipata habari kwa dereva wa lori, akapanda lori jingine kutoka Misigiri, vumbi tupu. Hakumsalimia mtu. Akalitazama shimo, lilikuwa limefika magotini, akaruka ndani, akalala chali.

"Hili kaburi la kuku," alisema kwa sauti kubwa. "Wanyaturu mnamzika kuku? Sitoki."

Watani wana ruhusa hiyo. Wanaweza kulala kaburini mpaka wapewe kitu, na huwezi kuwakasirikia. Mjomba akauliza anataka nini.

"Raba. Zile mpya, za kwenye mfuko."

"Elia," nikasema, "nina mbio Jumapili."

"Nani kakuuliza habari za Jumapili? Leo ni siku ya mama. Lete raba, au nifukieni humu, mama yenu mtafutieni pengine."

Nilizileta. Akazivaa mle mle shimoni, akafunga kamba polepole kama bwana harusi, watu wote wanamtazama. Kisha akatoka na kunipa sururu.

"Ingia pekupeku," alisema. "Mchungaji wewe, miguu hiyo si ya duka."

Niliingia. Sijui nilipiga ule mwamba kwa muda gani. Nakumbuka balozi alianza kucheka, kwanza kwa pua, kisha akainuka akachukua koleo. Wengine wakamfuata. Tulipokezana mpaka jua likainama, na mama akazikwa kesho yake kwenye kaburi refu, lililonyooka. Nililala msibani. Nilikula ugali wa msibani, mlima mzima. Baada ya siku nyingi nilimwuliza balozi ni kitu gani kiliwainua, ni utani, ni mama, au ni mimi kuingia shimoni.

"Tulikuwa tumechoka kukaa," alisema.

Basi nieleweje hapo?

Jumamosi jioni Elia alinisukuma kwenye gari la Dodoma na raba zake kuukuu, zilizotoboka kidoleni. Zangu aligoma kuzirudisha. Jumapili nikakimbia mbio ambazo sijawahi kukimbia kabla wala baada, na nikaingia kwenye timu. Mkufunzi alibonyeza saa, akaitikisa, akadhani imeharibika. "Ungefanya mazoezi wiki hii," alisema, "ungekimbia zaidi."

Nikajiambia siri nimeipata. Mwaka uliofuata, kabla ya mbio kubwa, nililima na watu, nikaenda harusi, nikala, nikacheza. Nikashika mkia. Mwalimu wa Mlima nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Ulikwenda kwa watu kuchukua kasi," alisema. "Watu wanajua." Lakini miguu ingejuaje? Vijana waliosoma wananiambia ile mara ya kwanza mwili ulikuwa umepumzika tu. Mtu anayepasua mwamba amepumzika? Elia anasema mama ndiye aliyekuwa ananisukuma mgongoni. Nimewasikiliza wote.

Kiwanda kilipofungwa nikawa kocha wa vijana wa manispaa, mpaka nilipostaafu. Waliniuliza kila siku: kocha, rafiki yangu anaoa, niende au nifanye longi? Nilijibu hivi leo, kesho nikajibu vingine, wakasema mzee amechanganyikiwa. Kweli. Msichana mmoja, Zaituni, mwenye pumzi kuliko wote niliowahi kufundisha, alifiwa na jirani usiku wa kuamkia longi.

"Shikamoo, kocha. Nifanye nini?"

"Marahaba. Sijui."

"Wewe ndiye kocha."

"Ndiyo. Basi waambie wenzako waje na makoleo."

Tukaenda msibani kwa kukimbia, timu nzima na makoleo begani, na mimi nyuma kwa baiskeli. Wanawake njiani wakauliza kama kuna vita. Wavulana wakachimba, Zaituni na wasichana wakateka maji, wakala, wakarudi wakitembea na kuimba. Siku hizi nimestaafu lakini bado wananiita, na huo ndio utaratibu wetu. Wenyewe wanauita longi ya koleo. Kama ni mazoezi au ni msiba, siwezi kuwaambia. Zaituni anashinda mara nyingi. Mara nyingine anashindwa vibaya.

Nilichonacho leo ni hiki. Nyumba ya bati ya vyumba vinne, na ile ya mama nimeikarabati. Shamba la alizeti na kipande cha vitunguu. Ng'ombe, mbuzi, na kuku wasiohesabika kwa sababu hawatulii. Baiskeli. Saa ya kubonyeza aliyoniachia Mkufunzi, haifanyi kazi. Makoleo mawili na sururu moja, ambavyo jirani yeyote anavichukua bila kuomba. Raba mpya ninazo, nimeletewa na wanafunzi wangu.

Zile za zamani ziko Misigiri. Elia amezitundika ukutani sebuleni kwake, soli imeoza. Mwaka jana nilipokwenda kumsalimia nilimwambia anirudishie.

"Bado sijatoka kaburini," alisema, akanimiminia uji.