Firigisi ya Mgeni kutoka Malaba

Beki aliyenivunja mguu alikuja kwetu Sio Port kutoka Malaba, jogoo kwapani. Nilikuwa barazani, mguu umefungwa plasta, magongo yameegemea ukuta. Nilipomwona akifungua lango nilitamani kumrushia gongo moja.

Ilikuwa mechi ya ligi. Nilikuwa nimeshautoa mpira, yeye akaja na njumu zote mbili juu. Nilisikia mfupa ukilia kabla ya kusikia maumivu. Refa akampa kadi nyekundu, kana kwamba kadi inaunga mifupa. Daktari alinitia chuma, akasema mfupa utashika, kazi itakuwa mimi kuuamini. Niliona anajisemea tu.

"Mama, mimi ndio nilivunja huyu kijana yako," beki alisema hata kabla ya kuketi. "Nimekuja kusema pole."

Mama alimpokea jogoo, akamchinja. Kwetu firigisi haiendi ovyo mezani. Ni ya mwanamume wa nyumba, na tangu baba afariki ilikuwa yangu. Siku hiyo mama aliiweka kwenye sahani ya mgeni. Nilichemka kuliko ule mchuzi.

"Mama, huyo? Si amenimaliza!"

"Amekuja mwenyewe," alinijibu. "Ni wangapi wanaumiza watu na hawajui hata kwao ni wapi?"

Beki aliitazama firigisi, akaisukuma kando. "Hii siwezi kula saa hii, mama. Siku huyu boss atacheza na mimi tena, unipikie ingine."

Nami nikaikataa kwa hasira. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: paka wetu alikula vizuri siku hiyo.

Mguu ulipona, moyo ukagoma. Mazoezini nilikimbia kama zamani, lakini beki yeyote akinikaribia niliruka pembeni na kumwachia mpira. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikaanza kuogopa kwamba nimekwisha, na hapo ndipo nilipomwelewa daktari.

Timu ya yule beki ilipokuja kucheza nasi Busia, kocha aliniingiza kipindi cha pili. Mara ya kwanza nilipomfikia beki yule, alinipisha. Mara ya pili akanipisha tena. Mashabiki walishangilia, mimi nikaona haya. Kumbe tulikuwa waoga wawili.

"Kwani mimi ni yai?" nilimfokea. "Cheza!"

Mpira uliofuata nilimwendea moja kwa moja. Sikuruka. Akateleza, akaukata mpira safi kabisa, na sote tukaanguka. Mama alikuwa amesimama jukwaani, mikono kichwani.

Nikainuka, nikakanyaga chini polepole kwa mguu ule. Ukashika. Nikakanyaga tena kwa nguvu, machozi yakanitoka kwa furaha.

Beki alikuwa bado amelala kwenye nyasi, amejifunika uso kwa viganja, hathubutu kuangalia. Nikamwinamia na kumshika mkono.

"Amka, ndugu yangu," nikamwambia. "Mama amemfunga jogoo kamba tangu asubuhi."