Kanzu ya Mchanganyaji Sabuni

Mchanganyaji wetu wa sabuni ya maji hufanya kazi akiwa amenipa mgongo. Hunyunyiza chumvi kidogo kidogo juu ya pipa, kama anayeunga mchuzi, kisha hukoroga upande mmoja tu, polepole, mpaka sabuni iwe nzito. Vidole vyake ni vyeupe, vimekunjamana. Najua chumvi inaweza kuifanya hata sabuni iliyojaa maji ionekane nzito. Vimeng'enya vya kuondoa madoa hutiwa mwisho, pipa likishapoa, maana joto huviharibu, na hapo ndipo yeye hukohoa na kunihimiza nikapumzike. "Hajati, kiti iko kwa kivuli," huniambia kwa sauti laini. Kila dumu linalotoka hapa Oli kwenda Koboko limebandikwa jina la marehemu mume wangu, na mume wangu hakuwahi kurudishiwa bidhaa hata moja.

Alhamisi nilimkuta nyuma ya stoo akifua kanzu yake ya Ijumaa. Dumu letu lilikuwa karibu na mguu wake, limejaa. Mkononi alishika kipande cha sabuni ya mche.

"Mbona hutumii yetu?" nikamuuliza.

Alicheka bila kuinua macho. "Ile iko ya kuuza, Hajati."

Nikachukua kisu, nikaketi kwenye kile kiti cha kivulini, nikaanza kubandua jina la mume wangu, dumu baada ya dumu.  Yeye aliisuuza kanzu yake, akaianika, ikang'aa.