Maman Védastine na mtoto aliyetoweka horini

Saa mbili na nusu asubuhi mjini Kamembe, Rwanda, na Maman Védastine Uwiringiyimana hataki kusemeshwa. Ameketi kwenye kibaraza cha duka la vitenge, mgongo wima, vidole juu ya mashine yake ya taipu. Utepe wa wino ameutoa, maana leo hachapi kwenye karatasi. Anachapa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa ili wino upite na kutoa nakala.

Ni stensili yake ya mwisho. Akiiharibu hakuna nyingine Kamembe nzima, na Noeli ni Jumatano ijayo.

Kando ya mashine kipo kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Védastine ni mlokole kwelikweli, kucha zake hazijawahi kuonja rangi. Lakini kila mpiga taipu anajua siri hii: tone moja huziba herufi iliyokosewa, likikauka unachapa upya juu yake. Siku alipokinunua, wanawake wa sokoni walicheka hadi wakashika mbavu.

"Baliniuliza kama nimeacha wokovu," anasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, bila kuinua macho. "Nikabaambia mashini njo inapakwaka rangi, si mimi."

Anachochapa ni kitabu. Ndiyo, kitabu kizima, cha kurasa thelathini na sita, kwa Kiswahili, kwa watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili. Noeli inakaribia, sanamu ya Mtoto Yesu imetoweka kanisani, na mvulana aitwaye Cyusa, aliyerudi juzijuzi kutoka Kongo, anaapa kumpata kabla ya misa. Kuna nyayo za matope, kuna mlinzi anayeficha jambo, kuna ufunguo ndani ya gunia la mpunga. Mwandishi wa habari hizi alipewa daftari aonje ukurasa mmoja, akajikuta amemaliza kumi na chai imepoa.

Védastine, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, katika familia ya wakimbizi wa Kinyarwanda. Huko alisomea taipu na kuajiriwa katika ofisi ya usafirishaji. Vita vya mwaka 1996 vilipoingia mjini, alivuka na watoto wawili na mashine hii kichwani.

"Sufuria niliacha. Watu banacheka, lakini sufuria haingenilishia batoto," anasema.

Mumewe, Kayitare, alirudi nyuma kufunga nyumba. Hajaonekana hadi leo, mwaka wa sita huu.

Tangu hapo Védastine anaishi kwa kuchapa barua na maombi ya kazi, faranga mia mbili kwa ukurasa. Siku njema ni kurasa tano. Siku mbaya, anasema, ni yeye na nzi.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1998, milio ya bunduki ilisikika kutoka ng'ambo, na watoto wake wakawa wanauliza swali lilelile kila jioni: Papa ataonekana lini?

"Njo nikaanza kubapatia hadithi. Kintu kinapotea, batoto banatafuta, kinaonekana. Hapa kila muntu amepoteza kintu, ao muntu. Nilitaka ikuwe kitabu moja yenye mutu anasoma mpaka mwisho na kile kintu kinaonekana."

Kisa cha sanamu alikuwa nacho tangu utotoni. Nyumbani kwao Bukavu, njia ya shule ilipita mbele ya kanisa la Wakatoliki. Kila Desemba Védastine alichungulia mlangoni akaona pango la Noeli limepambwa, Maria yupo, Yosefu yupo, ng'ombe na punda wapo, ila hori ni tupu. Baba yake, mzee wa kanisa la Kipentekoste, alikuwa amemkataza asikanyage humo, na kwenye kanisa lao hakukuwa na pango. Basi mtoto akafikia hukumu yake mwenyewe: Wakatoliki wameibiwa.

"Mwaka uliofuata tena, hori bule, tupu. Nikawaza, hawa batu banaibiwaka kila mwaka na habasemi kitu. Niliwaombea."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na Védastine hakuuliza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Wiki mbili zilizopita, mkulima mmoja wa Gitambi, Nyirakamana, alikuja kuchapiwa barua akiwa na binti yake wa miaka kumi na mmoja, Nishimwe. Mama akisubiri, binti aliokota daftari la hadithi akaanza kusoma. Stensili zote thelathini na sita zilikuwa tayari zimechapwa, zimefungwa kwa kitambaa. Kwenye ukurasa wa tatu Cyusa anaona hori tupu, anapiga mayowe, na waumini wote wanalia. Nishimwe alifunga daftari.

"Maman, hakuna muntu aliiba," alisema kwa upole. "Mutoto habamuwekake mbele ya Noeli. Anabakiaka mu sanduku, mpaka siku ya misa. Hata bébé ya chekechea anajua."

Kitabu chote kilisimama juu ya wizi ambao haukutokea, na wasomaji wake nusu ni Wakatoliki.

"Nililia. Kisha nikacheka. Miaka makumi tatu nabahurumia bure!"

Zilikuwa zimebaki stensili saba tu. Kuandika upya kitabu kizima hakukuwezekana. Tena mashine ya kurudufu ni ya shule moja huko Mururu, na mtunzaji wake, Mzee Wenceslas, alishamwambia kwamba stoo inafungwa Ijumaa hii tarehe ishirini hadi Januari. Védastine alizunguka na daftari siku tatu. Siku ya nne, akimenya viazi, jibu likamjia, akaacha kisu majini.

Alimfanya Cyusa akosee kosa lilelile lake mwenyewe. Katika kurasa saba mpya, mvulana mgeni anapiga mayowe kwamba Mtoto ameibwa, na kanisa zima linacheka. Mtunza sakristia anamshika mkono, anampeleka kwenye sanduku ili amwonyeshe Mtoto amelala salama. Anafungua. Ndani kuna kitambaa tu.

Kicheko kinakatika. Kuanzia hapo kurasa za zamani zinaendelea bila kubadilishwa hata nukta.

Nishimwe alirudi siku ya soko akasoma hayo akiwa amesimama. Alipofika kwenye sanduku aliketi chini. "Sasa ni nani?" aliuliza. Hakujibiwa, na mwandishi huyu pia alibembeleza akaambulia patupu.

Saa nne kasoro robo, mstari wa mwisho. Védastine anasita, anarudi nyuma, tone la rangi nyekundu, anapuliza, anasubiri kama anayengoja uji upoe. Anachapa herufi moja. Anaitoa stensili, anaiinua kwenye mwanga, herufi zote zinang'aa. Muuza vitenge anapiga makofi peke yake.

"Leta, mwanangu, nishaweka wino," Mzee Wenceslas anamwambia kwa simu ya kibanda cha jirani. Rimu mbili za karatasi ziko tayari, zinatosha nakala hamsini. Jumamosi zitagawiwa kwa watoto sokoni, na nakala ya kwanza ni ya Nishimwe.

Védastine anakunja stensili kwenye kitambaa na kusema ana mpango mwingine. Misa ya mkesha siku hizi husomwa mapema, saa kumi na moja jioni, na Nishimwe na mama yake wamemwekea nafasi kwenye benchi la mbele.

Je, mchungaji wake anajua?

"Nilimuambia ni kazi ya uchunguzi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anainua macho. "Nimetafuta huyu mutoto tangu niko na miaka nane. Nataka kuona banamuweka."