Masikio ya Kanuni

Walimwita Kanuni, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Nani mwingine angeuzunguka mti mzima, shingo juu, akitafuta tawi kavu lililoning'inia, kabla hata hajautua msumeno chini? Wakataji wenzake wameshamaliza chai, yeye bado anafyeka njia ya kukimbilia, nyuma na upande, ili mti ukigeuka asijikwae. Msumeno wake wa moto aliuwasha ukiwa ardhini, mguu umekanyaga mshikio, si kwa kuuning'iniza mkononi kama wajuaji. Alikamata kwa mikono miwili. Hakukata kitu kilichopita bega lake, wala hakukata kwa ncha. Ncha ikigusa mti, alisema, mashine inakurukia usoni, na uso hauuzwi dukani.

"Kanuni, unaukata au unauposa?" wenzake walimtania.

"Cheka tu. Vidole vyangu vyote ninavyo. Hebu tuonyeshe vyako."

Sasa mtu huyu, pamoja na ujuzi wote huo, alikuwa na ujinga mmoja, tena wa kuudhi. Vifunika masikio alivivaa shingoni. Shingoni, jamani! Eti mkataji wa kweli anausikiliza mti. Mti hulia kabla haujaanguka, na ukiziba masikio utaujuaje? Haya, ni kweli mti hulia. Hulia mara moja tu. Mashine ilimlilia masikioni kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, na yeye akaiacha.

Masikio yakaanza kwenda. Walitangulia ndege, ikafuata sufuria ichemkapo, kisha sauti za watoto. Hakumwambia mtu. Alijifunza kusoma midomo, na mdomo usipoonekana aliitikia kwa kichwa. "Naam," alisema. "Naam, naam." Kwa neno hilo moja alipita harusini, misibani na sokoni, na watu wakamsifu kuwa umri umemtia upole. Upole gani! Mtu hasikii.

Mkewe alijua. Mke utamficha nini? Alihama kiti chake, akawa anakaa mkabala na mumewe, akisema polepole, uso kwenye mwanga. Wageni wakiuliza jambo, alilirudia kama anayejisemea ili mumewe amwone mdomo. Alimbeba hivyo miaka, na hakumwaibisha hata siku moja mbele za watu. Wakiwa wawili, hapo alimpasha.

"Nenda kapimwe, baba. Kuna vile vya kuweka sikioni."

"Vile ni vya wazee."

"Na wewe ni nani, bwana harusi? Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Wa pili kujua alikuwa shemeji yake, ndugu wa mkewe. Huyo ndiye aliyekuwa mwenzake porini, anayesimama mbali, filimbi mdomoni, akiangalia juu wakati Kanuni ameinamia shina. Siku moja tawi likakatika kileleni. Shemeji akapuliza, akapuliza, na Kanuni anaendelea kukata. Tawi likaanguka ubavuni mwake, likamkwaruza mkono wa shati. Shemeji alikuja mbio, akaizima mashine mwenyewe.

"Shemeji, nimepuliza mpaka mate yamenikauka."

"Nilikuwa nimezama kwenye kazi."

"Usinifanye mtoto. Husikii. Ungekufa, ningemwambia nini dada yangu?"

Kanuni alimsihi amfichie. Shemeji alikubali kwa sharti moja, aende hospitali akapimwe masikio. Wiki ijayo, Kanuni akaapa. Wiki hiyo ilipofika mkewe akaanguka jikoni, akaenda yeye hospitali.

Yalikuwa mapafu. Mama yule aliyeweza kumwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara sasa alimaliza pumzi kwa kuomba maji. Na alikuwa na jambo moyoni. Binti yao, kifungua mimba, aligombana naye kwa sababu ya mwanamume aliyemchagua. Wakatupiana maneno ambayo mama na mwana hawatupiani, binti akafunga mizigo akaenda zake. Tangu hapo hajakanyaga nyumba ile. Sasa kapigiwa simu, yuko njiani. Mama alikuwa anamsubiri kwa macho, kila mlango ukifunguliwa anageuka.

Alasiri muuguzi alimwita Kanuni ndani. "Anataka kusema na wewe, peke yenu. Lakini barakoa ya oksijeni isitoke, mzee, hata kidogo."

Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda cha chuma, mtungi wa gesi pembeni, pazia fupi lisilofika chini ya dirisha. Mkewe alimshika mkono, akaanza kusema. Kanuni aliona plastiki ile inaingia ukungu, inasafika, inaingia ukungu tena. Midomo nyuma yake haikuonekana. Alitega sikio, na sikioni hakukuwa na kitu.

Mkewe aliinua mkono akaivuta barakoa chini. Na Kanuni, Kanuni wa watu, aliyeambiwa isitoke, akaurudisha mkono ule taratibu kitandani, akaiweka barakoa sawasawa na kuukaza ukamba. Mkewe akaivuta mara ya pili. Akairudisha mara ya pili. "Tulia, mama," akasema. "Muuguzi amekataza."

Loo! Mke yule hakuwa anatafuta hewa. Alikuwa anamfunulia mdomo asome, kama alivyomfunulia miaka yote ile. Hilo Kanuni alikuja kulijua baadaye ukumbini, kwenye benchi, likamchoma. Pale kitandani hakulijua. Wala hakusema "mke wangu, sikusikii," maneno ambayo hata mtoto anayaweza.

Mkewe aliacha kuivuta. Akasema tena, kirefu, akiuonyesha mlango kwa kidole, na Kanuni akafahamu kwamba habari ni za binti. Kisha akamtazama, nyusi juu, kama aulizaye.

Kanuni akaitikia kwa kichwa. "Naam," akasema. "Naam, mke wangu."

Macho ya mkewe yakajaa machozi. Ya kushukuru au ya kukata tamaa, nani atamwambia? Akageuza uso ukutani. Jua halijazama, muuguzi akamfunika shuka hadi usoni.

Binti alifika nyumba imeshajaa watu. Aliwapita wote waliomnyooshea mikono, akaja mpaka mbele ya baba yake, vumbi la safari bado miguuni. Shemeji alikuwa amesimama karibu, na yeye peke yake pale ndani aliijua siri.

"Baba, wameniambia ulikuwa naye. Wameniambia alisema sana. Alinitaja?"

Hayo aliyasoma vizuri kabisa mdomoni mwake. Na jibu lilikuwa jepesi: alikusamehe, mwanangu. Nani angembishia? Shemeji mwenyewe alimtazama kama anayemwomba alitoe. Kanuni alifungua kinywa kulisema, akauona uso ule ulivyomngoja, uso wa mamaye kabisa, na uongo ukamkwama.

"Alikutaja. Nadhani alikutaja. Alisema mengi, na mwisho akaniuliza kitu, nikaitikia," akasema. "Sijui niliitikia nini. Mimi ni kiziwi, mwanangu. Miaka sasa. Sikusikia hata neno moja."

Watu wakashika vinywa. Binti alimpiga kifuani kwa ngumi, tena na tena, na Kanuni hakujikinga. Kisha nguvu zikamwisha, akamwangukia baba yake, akaufukia uso kifuani mwake. Na alikuwa anasema. Kanuni aliyahisi maneno yakimtetema mbavuni, mengi, yanafuatana, pengine ya kumlaani, pengine ya kumuuliza, pengine ya kumlilia mama yake.

"Inua uso, mwanangu," alimwomba. "Inua uso nikuone mdomo."

Binti hakuinua. Aliendelea kusema.