Geti Kwenye Ukurasa wa Tuzo

Dibaji ya kitabu kile cha mwaka cha shule, iliyoandikwa na mwalimu mlezi, inasema kwamba wanafunzi wa kamati walijifunza ushirikiano, uongozi na matumizi mazuri ya muda. Dibaji hiyo niliipanga mimi niliyekichapa, na nilikuwa na kamati tangu picha ya kwanza mpaka vitabu vilipotiwa kwenye maboksi. Ushirikiano sikuuona. Muda waliuchezea. Na uongozi, kama ni ule niliouona, heri wangebaki bila kuujua.

Walijifunza mambo mengine, ambayo dibaji haikuyataja.

Nina duka la uchapaji Nakawa, hapa Kampala, nyuma ya soko. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Niliacha shule mapema, nikakusanya vitabu vya maelekezo ya mashine, vingi vikiwa vimeshang'oka majalada, nikavisoma mstari kwa mstari mpaka mashine zikanitii. Kiswahili changu cha kuandika nimekipata kwa njia hiyohiyo. Kile cha kusema nilizaliwa nacho kambini, kwa sababu baba yangu alikuwa askari kutoka kaskazini, na majirani zetu walitoka kila upande na hawakuwa na lugha nyingine ya kugombana. Mtu wa Kampala akikusikia unazungumza Kiswahili barabarani, kwanza anakuangalia mikononi. Anataka kujua kama umebeba bunduki.

Shule yenyewe ilikuwa ya kutwa, upande wa Kisugu. Walitaka kitabu cha mwaka kwa ajili ya darasa la mwisho: picha ya kila mwanafunzi, makala chache, safari, michezo, shukrani kwa walimu. Mwalimu mlezi, mtu wa tai na haraka, aliniomba niwafundishe wanakamati kupanga kurasa wenyewe badala ya kuniletea karatasi tu. Nilikubali kwa masharti, nikayaandika ubaoni katika chumba chao cha kompyuta. Kila andiko liwe na jina la mwandishi chini yake. Kila picha iwe na jina la mpigaji. Na kabla ya kuchapa, kila anayetajwa atie sahihi kwenye prufu, yaani karatasi ya majaribio, pembeni mwa mstari unaomhusu, kuonyesha kwamba ameuona. Mwalimu mlezi alisema masharti hayo ni mazuri sana. Sidhani kama aliyasoma.

Mhariri mkuu alikuwa kijana mwenye Kiingereza kizuri na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Wenzake walikuwa wakicheka kabla hajamaliza sentensi, ili wasionekane wamechelewa kuelewa. Mhariri wa picha alikuwa msichana mrefu, mkimya, ambaye siku ya kwanza alinifuata mezani na kunisalimia kwa Kiswahili mbele ya wote: habari yako, mzee. Mhariri mkuu aliruka kutoka kitini, akasimama wima, akapiga saluti.

"Afande, usitupige risasi. Tunajisalimisha."

Chumba kizima kikacheka. Msichana hakugeuka. Aliniuliza kamera inawashwaje.

Baadaye nilijua kisa chake. Mama yake alikuwa mlinzi kwenye jengo moja la ofisi huku Nakawa, mmoja wa wale wanawake wa kaskazini wanaosimama getini na bunduki kuukuu begani, wakipekua mikoba ya watu wasiowatazama usoni. Mwaka wake wa kwanza shuleni, mwalimu mmoja aliwataka wanafunzi wataje kazi za wazazi wao. Alitaja. Tangu siku hiyo jina lake la shuleni likawa Afande, na hata baadhi ya walimu walikuwa wakimwita hivyo wakidhani wanamfurahisha.

Picha za wahitimu alizipiga yeye. Shule ilikuwa na bleza moja tu ya kupigia picha, ya buluu, yenye nembo, ambayo mwalimu mlezi aliifungia kabatini. Kila mwanafunzi alivaa bleza hiyo, akapigwa picha, akaivua na kumpa anayefuata. Kufikia mchana kola ilikuwa imelowa jasho la darasa zima. Kwenye kompyuta, nyuso zile zote zenye nywele fupi juu ya kola ileile zilionekana kama watoto wa nyumba moja. Nilimwonyesha msichana jinsi ya kusawazisha mwanga ili asiwepo anayeonekana mweusi kupita alivyo. Alifanya kazi hiyo kwa makini, picha kwa picha, pamoja na za wale waliokuwa wakimpigia saluti.

Kilichoharibu mambo ni ukurasa wa tuzo. Ni desturi ya vitabu hivi: kila mhitimu hupewa tuzo ya mzaha chini ya jina lake, atakayekuwa waziri, atakayeolewa kwanza, atakayechelewa kwenye mazishi yake mwenyewe. Mhariri mkuu aliuleta ukurasa huo ukiwa umekamilika, akasema darasa limepiga kura. Niliupanga, nikatoa prufu, nikaibandika ukutani ili watu waje kutia sahihi. Kwa Kiingereza, mstari wa msichana ulisema hivi, nautafsiri: "Afande wa Mwaka. Siku moja tutapita na magari yetu, na yeye atatufungulia geti."

Alikuja dukani kwangu peke yake baada ya masomo, akiwa bado na sare. Hakulia wala hakulalamika. Alisimama mbele ya meza akiwa ameshikilia kamba za mkoba wake.

"Mzee, mimi siwezi tia sahihi pale. Mama atasoma hiyo kitabu. Atasoma yote, mpaka jina ya mwenye kuchapa. Ameshapanga mahali atakiweka, juu ya kabati, karibu na picha ya baba. Kiingereza yake ni kidogo, lakini geti anajua."

Nilimwambia kwamba asipotia sahihi, ukurasa hauchapwi. Hilo halikuwa fadhila. Lilikuwa sharti, nalo liliandikwa ubaoni kabla sijamjua.

Mwalimu mlezi hakuona hivyo. Kesho yake alisema, mbele ya kamati, kwamba huu ni utani wa vijana, na kwamba mtu asiyeweza kuchekwa hataweza kuishi na watu. Akachukua kalamu ili atie sahihi badala ya msichana, akisema yeye ndiye mlezi wao. Nilimwambia sahihi ni ya anayetajwa. Kama anataka kutia yake, tumtungie na yeye tuzo. Wanafunzi wawili watatu walicheka, kisha wakaacha. Alinijibu kwamba wachapaji ni wengi mjini. Nikamwambia ni kweli, na kwamba naweza kumwelekeza kwa wale wasiouliza maswali.

Tulikuwa bado tunatazamana hivyo msichana alipozungumza. Alisema kwa Kiingereza, polepole, kwamba atatia sahihi.

"Lakini ubaoni imeandikwa kila andiko lina jina la mwandishi. Haya ni maandiko. Aliyeandika mstari wangu aweke jina lake chini, halafu mimi naweka sahihi yangu."

Nikampa mhariri mkuu kalamu. Ndivyo sharti lilivyotaka. Hakuipokea. Alisema ni darasa zima. Msichana akasema basi darasa zima liandike majina. Kijana akasema tuandike "Wahariri." Msichana akamjibu:

"Mimi pia ni mhariri. Mimi sikuandika."

Mhariri mkuu aliangalia huku na huku akitafuta kicheko chake cha kila siku. Hakukipata. Ilibidi achague: aandike jina lake chini ya maneno yale, kitabuni, mahali ambapo wazazi wake na kila atakayekifungua miaka ijayo wangeliona, au akubali yafutwe. Alisema yafutwe, hayakuwa hata na maana.

Jambo hilo halikuishia kwenye mstari mmoja. Habari ilitoka nje ya chumba kile, na wengine wakaja ukutani kuuliza nani ameandika wa kwao. Msichana mmoja alikuwa ameitwa mke wa wengi, mvulana mmoja shahidi wa usingizi. Kila aliyeulizwa alisema ni darasa. Hata zile tuzo za sifa zilikosa mwenyewe, maana mhariri mkuu alikuwa amekasirika na hakutaka kukiri chochote. Siku mbili tatu baadaye ukurasa wote ulikuwa umefutika.

Kama nilitegemea wamshukuru msichana, nilikosea hesabu. Walimchukia. Walisema ameharibu kitabu, Afande ameleta sheria za kambini. Wale waliookolewa kutoka kwenye matusi yao ndio walioongoza, kwa kuwa sasa kila mtu alijua walikuwa wameitwa nini. Chumbani hakuna aliyekaa karibu naye. Alifanya kazi kwenye kompyuta ya mwisho, dirishani, na akihitaji kitu alinyanyuka kukichukua mwenyewe.

Ukabaki ukurasa mtupu, na kitabu hakichapwi na ukurasa mtupu katikati. Mhariri mkuu alikuja na wazo, na nilivyomwona akilileta nilijua amelifurahia usiku kucha. Alipendekeza picha kubwa ya geti la shule, ijaze ukurasa mzima, bila neno lolote. Geti tu. Mwalimu mlezi alisema ni wazo zuri, geti ni sura ya shule. Kijana akaongeza, akimtazama msichana, kwamba kwa mujibu wa sharti jina la mpigaji picha lazima liwe chini yake.

Hapo waliweza kucheka tena. Geti lilirudi, na jina lake chini, na safari hii hakukuwa na mwandishi wa kuulizwa. Nilitafuta sharti la kulizuia sikulipata, kwa sababu nilikuwa nimeyaandika mwenyewe na hayakuwa na shimo mahali hapo. Nilikasirika kwa namna ambayo sijakasirika mara nyingi katika kazi hii. Msichana alisema sawa, anazo picha za geti, atachagua.

Alikuwa nazo nyingi, alizipiga asubuhi mbalimbali wakati wa kujaribu kamera. Alizipitia zote. Aliyoichagua ilikuwa nzuri kweli, mwanga wa asubuhi ukipita katikati ya nondo, mlinzi wa shule akiwa ameshikilia geti lililofungwa. Chini, upande wa kulia, nje ya nondo, palikuwa na waliochelewa, wamepiga magoti vumbini kama ilivyo adhabu ya shule hiyo. Kwenye kioo cha kompyuta walionekana wadogo. Nilivuta picha karibu kukagua ukali wake, kama ninavyofanya kila mara, na nikamtambua wa kwanza kwenye mstari. Mikono juu, tai begani, kiatu kimoja hakijafungwa, mdomo wazi kama anayembembeleza mlinzi.

Nilimwangalia msichana. Alikuwa ananiangalia.

Nilitoa prufu, nikampelekea mhariri mkuu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetakiwa kuidhinisha kila ukurasa. Nilimwambia aiangalie vizuri kabla ya kutia sahihi. Hayo namwambia kila mtu, na kwake nilitumia sauti ileile. Hakukaa hata chini. Aliangalia chini ya picha kama jina la msichana lipo, akaliona, akatabasamu, akatia sahihi akiwa amesimama.

Siku ya kugawa vitabu niliyapeleka maboksi mwenyewe. Desturi ni kwamba wahitimu hubadilishana vitabu na kuandikiana maneno ya kuagana, na ukumbi ulijaa kelele za kalamu zinazoazimwa. Aliyeigundua picha kwanza sikumjua. Nilisikia tu kicheko kikianza kona moja na kuzunguka ukumbi, kurasa zikifunguliwa mahali pamoja. Watu walikuwa wanampelekea mhariri mkuu vitabu vyao na kumwomba aandike pale pale, karibu na magoti yake. Walewale wachekaji wake. Mmoja alimwita Geti, na wengine wakalichukua.

Kijana alimfuata msichana alipokuwa amesimama, karibu na maboksi yangu. Alimuuliza kwa nini amemfanyia vile, kitabu kitakaa maisha yote.

Msichana alifungua kitabu chake mwenyewe kwenye ukurasa ule, akaweka kidole chini ya picha.

"Jina langu hili hapa," alisema. "Mimi nimeweka."

Kijana akaondoka. Mwalimu mlezi alinifuata akaniambia kwamba sikuwa na nidhamu ya kazi, na kwamba mwaka ujao watatafuta mtu mwingine. Wametafuta. Nimekiona kitabu chao kipya, kina ukurasa wa tuzo, na hakuna jina la mtu chini yake.

Katika kitabu cha msichana hakuna aliyeandika neno la kuagana. Alinionyesha kurasa za mwisho, nyeupe, wiki chache baadaye alipopita dukani kunirudishia waya wa kamera uliobaki kwake. Nilimuuliza kama mama yake amekisoma. Alisema amekisoma chote, jioni mbili mfululizo, kidole kwenye mistari. Kwenye ukurasa wa geti alikaa muda mrefu, na binti alingoja, asijue mama ameelewa nini.

"Akasema huyu mlinzi anasimama vibaya," aliniambia. "Amepa barabara mgongo."

Halafu mama alikifunga, akakiweka juu ya kabati.