Mtu Aliyekwenda Kigali kwa Waya wa Simu

"Mama Faradji, umenikata tena. Nilikuwa mu Kigali, umenitoa."

"Kigali gani, Papa Murekatete? Uko umekaa ku kiti yako hapa Nengo, na chai yangu iko mbele yako."

"Sikukuja kucheka. Tulipatana ugonge ukuta mbele ya kuinua simu. Leo haukugonga."

Kweli sikugonga. Mwanamke wa Cyanzarwe alikuwa amesimama mlangoni kwangu analia, mume wake yuko hospitali Goma, anataka kusikia sauti yake. Nikasahau ukuta.

Nyumba ile ya Nengo, mjini Gisenyi, ilikuwa moja. Mwenye nyumba aliigawa kwa mbao apate kodi mbili, lakini laini ya simu ikabaki ileile. Upande wangu nilikuwa napigisha watu simu kwa pesa. Upande wa pili ilikuwa ofisi ya shirika la kutafuta watoto waliopotea, na ndani yake Onésphore, ndiye Papa Murekatete, peke yake. Mwaka ni tisini na tisa. Walimletea kioo, kibodi na kisanduku kisicho na akili: ndani yake programu moja tu, kazi yake kufungua kompyuta ya Kigali kupitia simu. Orodha zote zilikaa kule. Anabonyeza hapa, herufi inaandikwa kule, yeye anaona picha yake tu. Nikiinua simu, kioo kinakuwa cheusi na Onésphore anabaki nje.

Kazi ya kuandika aliijua. Zamani alikuwa karani wa komini, ofisi ya serikali, anapiga mashine ya taipu kutwa. Mke alimzika kambini kwa wakimbizi, Goma, kipindupindu. Akabaki na mtoto mmoja, Murekatete. Mwaka wa tisini na sita, watu waliporudi Rwanda kwa wingi, mkono wa mtoto ulimtoka penye bariyeri ya mpaka. Alikuwa na miaka mitano. Ndiyo maana Onésphore alikubali ule mshahara wa aibu: akimaliza kuandikisha watoto wa wengine, anatafuta wake.

Sasa asubuhi ile alikuwa amepata ukurasa. Msichana, miaka minane, ametokea Masisi, Kongo, kovu la moto mkono wa kushoto, anasema baba yake anapiga mashine. Hapo ndipo nilipoinua simu. Namba ya ukurasa hakuwa ameiandika, na jina la kituo anakolelewa mtoto hakulifikia.

"Rudia, nimeshamaliza," nilimwambia.

Akarudia. Laini ilikuwa imekufa. Mvua iliangusha nguzo upande wa Kanama, tukakaa siku nne bila simu.

Alipoingia tena, ukurasa haukuwepo. Bosi wake wa Kigali, Siméon, alimweleza: mtoto akichukuliwa na ndugu, jina linahamia orodha nyingine, na orodha ile, mtu wa Gisenyi hafunguliwi. Aandike barua. Aliandika tatu. Jibu lilikuja mwezi wa nane: msichana mwenye kovu alichukuliwa na mama yake mdogo, na familia haitaki kusumbuliwa.

"Marehemu mke wako alikuwa na dada?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Bon, basi si yeye."

"Ama ni yeye, na ule mama ni muongo."

Nikamjazia chai.

"Papa Murekatete, nilikukata. Niko na deni yako ya saa moja ya simu."

"Saa moja nitaifanya nini sasa?"

Aliendelea kuandikisha watoto wa wengine. Wake hakumtaja tena. Mwezi wa kumi na mbili shirika likasema pesa zimekwisha, Jumatatu voiture, gari lao, itakuja kuchukua kisanduku. Jumamosi kabla yake nilifukuza wateja wote, nikafunika simu na beseni, nikamwambia aingie Kigali, hakuna wa kumtoa.

Nilikaa nasikiliza. Kibodi haikulia. Nikachungulia: orodha iko wazi mbele yake, mikono ameiweka kwenye magoti, hagusi kitu. Alikaa hivyo saa nzima.

Halafu akaja mlangoni kwangu, koti mkononi.

"Saa yangu imetimia, Mama Faradji. Umelipa. Pigisha watu simu."

Nikatoa beseni.