Nilijivika masters ambayo sikuimaliza, binti wa watu akaumia

Wakuu, habari za majukumu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nne. Leo nimesema liwalo na liwe. Yaliyomo humu yamenitokea mimi mwenyewe, sijatia chumvi, na penye aibu nimeiacha kama ilivyo. Nimebadilisha majina tu, maana Toronto ni kubwa lakini Waswahili wa huku ni wale wale.

Naishi Mount Dennis, upande wa magharibi wa jiji. Kwetu ni Iringa. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, baba alishatangulia. Nilikuja huku kusoma takwimu, nikabaki.

Sasa kwa wasiojua, kuna vyuo huku vina utaratibu wa kusoma digrii ya kwanza na masters kwa pamoja. Badala ya miaka minne halafu tena miwili, unamaliza yote kwa mitano. Unaomba ukiwa mwaka wa tatu. Ukikubaliwa, mwaka wa nne unaanza kuchukua baadhi ya masomo ya masters na yanahesabiwa kote kote.

Sharti ni moja. Wastani wako usishuke chini ya kiwango walichokuwekea. Ukishuka, unamaliza digrii yako ya kwanza kama wenzako, ila nafasi ya masters imeondoka.

Mimi nilikubaliwa. Kosa la kwanza likawa kumwambia mama siku hiyo hiyo.

Mama hana dogo. Kufikia jioni, ukoo mzima na nusu ya walimu wastaafu wa mkoa walishajua kwamba mwanawe anasoma digrii mbili kwa mpigo. Kwenye group la familia wakaanza kuniita Masta. Mjomba akipiga simu, "Masta, hujambo?" Yaani nikawa Masta kabla sijagusa hata kitabu cha masters.

Na mimi, badala ya kuwatuliza, nikanogewa. Nikaandika kwenye group kwamba joho nitavaa mara moja tu, la zote mbili. Watu wakashangilia. Hiyo sentensi ndiyo iliyokuja kunifunga.

Mwaka wa nne nikachukua masomo mawili ya masters. Moja nilienda nalo vizuri. La pili lilinishinda kuanzia wiki ya tatu. Darasa la watu kumi na mmoja, wengine watu wazima wenye familia, profesa anaandika ubaoni bila kugeuka, na mimi natikisa kichwa kama naelewa.

Kuuliza sikuuliza. Nimekulia nyumba ya mwalimu, na mtoto wa mwalimu haulizi, anaulizwa yeye. Nikajiambia nitakomaa.

Sikukomaa kitu. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeanguka vibaya, na wastani ukaenda nao.

Ikaja email ya advisor wa idara yetu, mama mmoja mpole anayeshughulikia wanafunzi wa hiyo programu. Hakunisema vibaya. Aliandika kwamba nafasi ya masters imefungwa, digrii ya kwanza iko palepale. Halafu akasema, kwa masikitiko, kwamba kama ningemwona kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha somo, angeniruhusu kupunguza somo moja na kuniongezea muhula, na nafasi ningebaki nayo.

Hiyo aya ya mwisho ishikeni, tutairudia.

Digrii ya kwanza nikaimaliza. Kwenye mahafali sikwenda. Ningekwendaje wakati nilishatangaza joho ni moja? Cheti kikaja kwa posta kwenye bahasha ngumu, nikaiweka chini ya nguo za baridi bila kuifungua.

Mwaka wa tano, ambao kwa watu wote nilikuwa nasoma masters, nilikuwa Malton kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Zamu ya asubuhi. Kazi ni halali na sina aibu nayo hata kidogo. Aibu ni kwamba mama akipiga nilikuwa namwambia niko library. Siku moja akasema, "Hiyo library yenu mbona ina honi?" Nikamwambia wanafanya ukarabati.

Ukafika mwezi wa mahafali. Mama akataka picha.

Kazini kuna jamaa Mkenya aliyemaliza masters kwelikweli, anasubiri mambo yake yakae sawa. Nikamwomba joho lake, nikamdanganya na yeye kwamba langu limechelewa. Nikaenda nalo chuoni siku ya Jumapili, nikampa mtalii mmoja simu anipige picha mbele ya jengo kubwa. Natabasamu kabisa.

Mama aliichapisha kubwa, akaitia fremu, akaipigilia sebuleni juu ya televisheni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mimi nilidhani joho ni refu, litasitiri.

Kama ingeishia hapo nisingeandika uzi. Ningekuwa muongo mmoja tu kati ya wengi.

Huku tuna ibada ya Kiswahili, saa nane mchana, tunaazima kanisa la Wakanada wakishamaliza ibada yao. Kila mwaka kuna Jumapili ya wahitimu. Mzee wa kanisa anasoma jina na digrii, unasimama mbele, akina mama wanapiga vigelegele, kisha unatoa nasaha kwa wadogo zako. Na kuanzia hapo wewe ni mali ya umma. Mzazi yeyote mwenye mtoto chuoni anaweza kukukabidhi huyo mtoto, na ni mwiko kukataa.

Nikaitwa na digrii zote mbili. Nikasimama. Nikatoa nasaha za dakika kumi kuhusu kumtanguliza Mungu na kujituma.

Ibada ilipoisha alinifuata mama mmoja wa Malvern, nimwite mama Upendo. Kazi yake ni kutunza wazee wasiojiweza, mtu wa Tanga, mpole sana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kumbe binti yake Upendo alikuwa chuo kile kile, idara ile ile, na ndiyo kwanza amekubaliwa kwenye programu ile ile.

"Baba, huyu ni mdogo wako," akaniambia. "Mimi hayo masomo siyajui. Wewe umepita, mshike mkono."

Nikasema sawa mama, hamna shida.

Upendo amekulia huku. Kiswahili anakielewa chote ila anajibu kwa Kiingereza, kasoro neno "Kaka" ambalo analitamka vizuri kabisa. Tukawa tunaonana kila baada ya wiki mbili kwenye mgahawa wa kahawa. Mwanzoni maswali yake yalikuwa mepesi na nilikuwa nayajibu bila kudanganya sana.

Mwaka wake wa nne, kabla theluji haijaanza, akaja hana raha. Somo moja la masters lilikuwa linamzidi. Lile lile wakuu. Profesa yule yule asiyegeuka.

Akaniambia siku za kuacha somo zimebaki chache. Advisor amemwandikia kumkaribisha waongee. Hajui kama aende au akaze. Halafu akasema amefikiria kumtajia advisor jina langu, kwamba ndiye kaka anayemsaidia, bila shaka atanikumbuka.

Bila shaka angenikumbuka. Ni yule aliyeniandikia ile email ya kufungiwa nafasi.

Wakuu, jibu sahihi nilikuwa nalo kichwani, neno kwa neno. Nenda kamwone, punguza somo moja, omba muhula wa ziada, nafasi utabaki nayo. Hapa Toronto nzima hakuna Mtanzania aliyelijua jibu hilo kuliko mimi.

Nikamwambia, "Usiende. Ukienda watakuona dhaifu. Komaa, mimi nilikomaa."

Aliniamini. Aliitikia kwa kichwa, akafunga daftari lake, akanishukuru. Mimi nilirudi nyumbani na wasiwasi mmoja tu, kama nimepona.

Upendo akakomaa. Akaacha kwaya, akaacha na kuja ibadani. Mwezi wa kwanza matokeo yakatoka, na email ikamfikia kama iliyonifikia mimi.

Mama yake akanipigia mchana nikiwa kazini, nikatoka nje kwenye baridi kupokea. Nilijua nakwenda kutukanwa, na moyoni nilishakubali.

Hakutukana. Aliniomba msamaha.

"Baba, tusamehe," akasema. "Umetupa muda wako miezi yote hii, mwenzio amekuangusha. Naona aibu hata kukutazama kanisani."

Na mimi nikajibu, "Hamna neno mama. Yameshapita."

Niliupokea ule msamaha. Mtu niliyemuumizia mtoto ananiomba radhi, na mimi namsamehe. Nimefanya mengi ya kipuuzi maishani, ila hilo ndilo linalonifanya hadi leo nikiwa nakula nasimamisha kijiko. Supavaiza wangu aliniona nimerudi ndani machozi yananitoka, akadhani ni upepo.

Wiki nzima sikuweza kukaa na nafsi yangu. Jumamosi nikapanda treni na mabasi kutoka Mount Dennis hadi Malvern, jiji zima kutoka huku hadi kule. Mfukoni nilikuwa na simu yenye ile email ya advisor.

Mama Upendo alikuwa amepika wali wa nazi. Nikamwomba tusile kwanza. Nikawaambia yote, kuanzia lile group la familia hadi joho la Mkenya. Kisha nikampa Upendo simu asome aya ya mwisho.

Akaisoma, akairudia. Alijibu kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kwa hiyo nilijua, siku ile pale mgahawani nilijua anachotakiwa kufanya.

Nikasema nilijua.

Akaingia chumbani kwake. Mama yake akasimama akapakua wali sahani tatu, moja akampelekea binti yake, moja akaniwekea mimi. "Kula," akasema. "Umetoka mbali." Ningependa kuchapwa kuliko kula ule wali.

Wakati naondoka Upendo akatoka. Alitaka kitu kimoja. Twende wote kwa advisor, na mimi mwenyewe niseme nilichomwambia.

Tukaenda. Advisor alinitambua kabla sijakaa. Nikasema. Akanisikiliza hadi mwisho, akaandika, akasema atalipeleka kwenye kamati yao.

Kamati haikumrudishia nafasi. Walikubali tu kuandika kwenye faili lake kwamba alipewa ushauri mbaya, ili akija kuomba masters ya kawaida baada ya digrii hii waliangalie hilo. Ndiyo hivyo. Sitawapamba kwamba mambo yalinyooka.

Aliyebaki alikuwa mama yangu.

Nilimpigia Jumapili asubuhi kabla ya ibada. Nikamwamkia, nikamwambia akae chini. Nikamweleza kwamba masters sina, picha iliyo ukutani nimevaa joho la mtu, na kwa ajili ya kuficha hilo nimemharibia mtoto wa mwenzake.

Mama akaniuliza, kwa ile sauti ya darasani:

"Ile ya kwanza, uliipata?"

Nikamwambia niliipata.

"Iko wapi?"

Nikamwambia iko kwenye bahasha, sijawahi kuifungua.

Hapo ndipo akalia. Katika yote niliyomwambia, kilichomliza ni hicho. Aliniuliza mbona sikumpa nafasi ya kuishangilia. Miaka minne nilisoma kweli, na hakuna mtu hata mmoja aliyenipigia kigelegele.

Baadaye akaniambia, "Picha nimeshaiteremsha. Msumari nimeuacha. Fungua hiyo bahasha unitumie kilichomo."

Nikatoa nguo za baridi zote, nikaifungua. Jina langu limeandikwa sawasawa, na la baba pia. Nikakipiga picha cheti hapo hapo sakafuni, nikamtumia.

Nilichojifunza? Kushindwa lile somo hakukuwa na aibu yoyote, ni mambo ya shule. Aibu niliipika mwenyewe, na aliyekuja kuila si mimi. Muongo akitegemewa anakuwa mtu hatari, maana kila ushauri anaotoa anaangalia kwanza asijulikane.

Na wewe unayesoma hizi programu za digrii mbili kwa mpigo, ukizidiwa nenda kwa advisor kabla ya tarehe ya kuacha somo. Hata kama kuna mtu unayemheshimu amekwambia ukomae.

Upendo anavaa joho mwaka huu, digrii moja kama mimi. Juzi amenitumia mwaliko wa sherehe yao, na chini ameandika kwa Kiswahili, cha kwake mwenyewe: "Kaka njoo. Hotuba hapana."

Sijajibu. Nataka kwenda, na naogopa macho ya mama yake. Wakuu, mngekuwa nyie mngekwenda? Anayetaka kunisema aniseme pia, nafasi ipo hapo chini na nitasoma zote.